CHAI NA MKATE MKAVU HAVITOSHI: TUPIKE MKATE WA KUKAANGA KWA UNGA WA DENGU

Leo asubuhi watoto wako wamekula nini kabla ya kwenda shule? Nakuomba ujibu swali hili moyoni mwako, kwa kweli, kabla hujaendelea kusoma. Huna haja ya kumwambia mtu.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji kimoja, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Ni kijana bado, na elimu yangu ni ya cheti. Lakini kila mwezi napima watoto wa kijiji, na mizani haina upendeleo. Mizani imenifundisha kwamba watoto wengi wa kwetu hawalali njaa. Wanashiba. Shida ni kwamba wanashiba chakula cha aina moja. Asubuhi chai ya rangi na mkate mkavu, mchana ndizi, jioni ugali na mboga kidogo. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata cha kujengea.

Katika ukurasa huu wa leo nitakueleza namna ya kuugeuza mkate ule ule wa asubuhi uwe chakula cha kujenga mwili. Ni mkate wa kukaanga kwenye kikaango, kwa mtindo wa Kihindi. Haudai jiko la umeme wala mashine. Jiko la mkaa au mafiga matatu yanatosha.

SWALI LA BIBI

Kwanza nikueleze jinsi jambo hili lilivyoanza.

Siku moja ya kliniki alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka miwili na miezi mitatu. Mama wa mtoto anafanya kazi Arusha mjini, hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nilimvisha mtoto utepe wa kupimia mkono. Utepe ulisoma rangi ya manjano, maana yake mkono ulikuwa chini ya sentimeta 12.5. Hajafika kwenye rangi nyekundu, ambayo ni chini ya sentimeta 11.5, lakini alikuwa njiani kwenda huko.

Nilimwuliza bibi mtoto anakula nini. Akanijibu kwa fahari kabisa: "Anakunywa chai na mkate kila asubuhi, mkate wa dukani. Simnyimi."

Basi nikaanza kumfundisha kama nilivyofundishwa chuoni. Mpe mayai, bibi. Mpe maziwa. Mpe nyama na samaki. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Daktari mwanangu, nimekusikia. Kuku ninao watatu. Mayai yao ndiyo sabuni yangu, ndiyo daftari za wale wakubwa, ndiyo mafuta ya taa. Nikiyala, nani atanunua hivyo? Na wewe mwenyewe, samahani nikuulize, leo asubuhi umekula nini?"

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na slesi tatu za mkate mkavu. Wazee walisema mganga hajigangi, na siku ile nilijiona mimi ndiye.

Usiku nilifikiri sana. Bibi hakukataa mafundisho yangu. Alinionyesha tu kwamba nilimpa ushauri ambao mfuko wake haukuweza kuubeba. Ndipo nilipomkumbuka shangazi yangu.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI

Shangazi yangu alifanya kazi ya kupika katika nyumba ya familia moja ya Kihindi hapo Arusha mjini. Watu wa nyumba ile hawakula nyama wala mayai, kwa sababu ya dini yao. Na bado, anasema shangazi, watoto wao walikuwa na afya nzuri. Walikula dengu, choroko, mbaazi na maziwa kila siku, kwa namna nyingi. Asubuhi walipochelewa kwenda shule, mama mwenye nyumba alichovya slesi za mkate katika rojo la unga wa dengu lenye kitunguu, nyanya na majani ya giligilani, akazikaanga kwa mafuta kidogo. Unga huo wao huuita besan. Shangazi alijifunza kwa kutazama, na nilipokuwa mdogo alitupikia hivyo sikukuu zilipofika.

Pengine utasema, "Hicho ni chakula cha Wahindi, si chetu." Je, chapati ilitoka wapi? Na bajia? Vyakula hivyo na majina yake vimetoka India, vikavuka bahari, na leo hakuna harusi ya Meru isiyo na chapati. Hata Wahindi wenyewe walijifunza mkate wa kuumua kutoka kwa Wareno, na mpaka leo katika sehemu nyingi za India mkate huo huitwa pav, neno lililotokana na la Kireno. Chakula husafiri kama watu wanavyosafiri. Kinachofaa hubaki.

Tena dengu si ngeni hapa nchini. Wakulima wetu wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu hulima dengu kwa wingi, na nyingi huuzwa nje, hasa India. Mbaazi nazo ni hivyo hivyo. Wakulima wa kaskazini hawajasahau mwaka 2017, India ilipopunguza ununuzi wa mbaazi kutoka nje na bei ikaanguka vibaya. Magunia yalikaa ndani bila mnunuzi. Mwaka ule ulitufundisha kwamba tunalima chakula kizuri cha kujenga mwili, lakini tunakihesabu kuwa mali ya kuuza tu. Asiponunua mgeni, hatujui tukifanyeje. Wazee wanaoikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 watatuambia kwamba maneno haya yalisemwa katika vikundi vya kusikiliza redio tangu wakati huo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini somo bado halijaisha.

KWA NINI MKATE NA DENGU VIENDE PAMOJA

Miili yetu hujengwa na protini. Mtoto anayekua anaihitaji ili apate misuli, damu na nguvu ya kupigana na maradhi. Protini imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Imo pia katika jamii ya kunde: maharage, dengu, choroko, mbaazi na karanga.

Ngano ina protini, lakini imepungukiwa na sehemu moja muhimu. Dengu ina sehemu hiyo kwa wingi, lakini imepungukiwa na nyingine ambayo ngano inayo. Ukizila pamoja, kila moja inaziba pengo la mwenzake. Ni kama watu wawili wanaobeba gogo: mmoja peke yake hawezi, wawili wanalifikisha. Ndiyo sababu kande ya mahindi na maharage ni chakula bora kuliko mahindi matupu.

Sasa tuhesabu. Kikombe kimoja cha chai kilichojaa unga wa dengu kina uzito wa kama gramu 100. Ndani yake mna kama gramu 20 za protini. Kikombe hicho kinatosha kupaka slesi nane za mkate. Kwa hiyo kila slesi inapata gramu mbili na nusu kutoka kwenye dengu, na mkate wenyewe una kiasi kama hicho. Jumla ni kama gramu tano kwa slesi moja. Yai moja lina kama gramu sita. Maana yake mtoto aliyekula slesi moja amepata protini inayokaribia ya yai moja, na kuku wa bibi bado wanalipa daftari.

Nenda sokoni ulinganishe bei mwenyewe. Uliza bei ya kikombe cha unga wa dengu, kisha uliza bei ya mayai manne. Utaona mwenyewe.

MAHITAJI

Kwa watu wanne wa nyumba moja, tayarisha vitu vifuatavyo:

1. Slesi nane za mkate. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu haulegei ukichovywa.
2. Kikombe kimoja cha chai cha unga wa dengu.
3. Maji safi, robo tatu ya kikombe hicho hicho.
4. Kitunguu kimoja cha kiasi, kilichokatwa vidogo sana.
5. Nyanya moja iliyoiva, iliyokatwa vidogo.
6. Majani ya giligilani, fungu dogo. Ukikosa, tumia mchicha uliokatwa vidogo sana.
7. Chumvi yenye madini joto, nusu kijiko cha chai.
8. Manjano, robo kijiko cha chai, ukiwa nayo.
9. Pilipili kidogo kwa watu wazima. Ya watoto iache.
10. Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa kila slesi.

Unga wa dengu hupatikana katika maduka ya Arusha mjini, na katika masoko makubwa kama Kilombero na Tengeru. Ukipata dengu nzima zilizokauka, zichambue, uzitoe mawe, upeleke mashine ya kusaga. Mwombe mwenye mashine asafishe kinu kwanza, usije ukapata unga wa dengu wenye pumba za mahindi.

Mkate uutazame vizuri kabla ya kuutumia. Ukiona kuvu, hata doa dogo la kijani au jeusi, utupe wote. Usikwangue doa na kula sehemu iliyobaki, kwa sababu mizizi ya kuvu hupenya ndani ya mkate mahali ambapo macho hayafiki. Sumu ya kuvu si mchezo. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotoka katika mahindi. Unga wa dengu nao utunze pakavu, katika chombo chenye kifuniko.

JINSI YA KUPIKA

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha kitunguu, nyanya na majani kabla ya kukata.

Pili, chekecha unga katika bakuli. Tia chumvi na manjano. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka mabuje yaishe. Usimimine maji yote mara moja. Rojo linalofaa ni zito kama uji mzito wa mtoto: ukiinua kijiko linashuka polepole, halidondoki kama maji.

Tatu, tia kitunguu, nyanya na majani. Koroga. Acha rojo litulie kwa dakika kumi ili unga unywe maji vizuri. Wakati huo washa moto.

Nne, weka kikaango au chuma cha chapati juu ya moto wa kiasi. Tia kijiko kimoja cha mafuta, uyasambaze.

Tano, chovya slesi upande mmoja, igeuze uchovye upande wa pili, kisha iweke mara moja kwenye kikaango. Usiiloweke, itakatika. Kama vitunguu vimebaki katika bakuli, viteke kwa kijiko uvipake juu.

Sita, iache dakika mbili au tatu bila kuigusa. Upande wa chini ukiwa na rangi ya dhahabu, igeuze kwa mwiko, ongeza mafuta kidogo pembeni, uache tena dakika mbili au tatu. Bonyeza katikati kwa mwiko. Pakiwa pagumu kidogo na rojo halitoki, umeiva.

Kula ungali moto. Rojo lililobaki lipike lote kama chapati nyembamba. Usiliweke mpaka kesho, litachacha.

MAKOSA NILIYOYAFANYA MIMI

Siku ya kliniki iliyofuata niliazima jiko la mkaa na kikaango, nikapika mbele ya akina mama nje ya zahanati. Wanaume waliokuwa wakipita walisimama kucheka. Mmoja aliuliza kama serikali imeniajiri kutibu au kuuza chapati. Nilicheka nao, nikaendelea.

Lakini slesi ya kwanza iliniaibisha. Niliwasha moto mkali kwa haraka ya kuonyesha. Nje iliungua, ndani rojo lilikuwa bichi. Mama mmoja aliionja, akaitema kwa adabu katika kiganja, akasema, "Daktari, huu unga haujaiva." Alisema kweli. Unga wa dengu usioiva una ladha chungu, tena huleta gesi na maumivu ya tumbo. Kunde zote lazima ziive.

Yule bibi wa siku ile alikuwapo. Aliinuka, akatoa makaa mawili makubwa katika jiko, akasema, "Moto wa kupikia mtoto ni moto wa subira." Slesi ya pili ilitoka nzuri. Ya tatu ilikwisha kabla sijaiweka kwenye sahani. Na wale wanaume waliokuwa wakicheka walikuja kuomba kuonja, nao sikuwanyima.

Kwa hiyo kumbuka mambo mawili: moto wa kiasi, na rojo lisizidi uzito.

KAMA HUNA UNGA WA DENGU

Tumia choroko. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, asubuhi mwaga maji, zisage au zitwange kwenye kinu mpaka ziwe laini. Ongeza maji kidogo, vitunguu na chumvi. Rojo hili litumie kama lile la dengu.

Kama kuku wametaga na una yai la ziada, piga mayai mawili na maziwa kidogo, tia kitunguu na nyanya, uchovye mkate humo. Wahindi wengi wanaokula mayai hufanya hivyo. Ni kizuri sana. Hakikisha yai limeiva kabisa.

Na kama hakuna mkate nyumbani? Paka rojo la dengu kwenye kikaango bila mkate, upike kama chapati, ule pamoja na ndizi za kuchemsha au kiazi kitamu. Mkate si lazima. Dengu ndiyo yenye kazi.

HABARI YA MAGADI

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa Meru na Arusha inatuhusu zaidi kuliko watu wengine.

Maharage makavu huchukua saa nyingi kuiva. Kuni ni ghali. Basi mama hutia magadi ili yaive upesi. Ndugu msomaji, magadi yetu mengi yana madini ya floraidi kwa wingi. Na maji ya mito na chemchemi nyingi zinazotoka katika mlima wetu wa volkeno nayo yana floraidi nyingi. Watu wa Maji ya Chai, Ngurdoto na Ngarenanyuki wanalijua jambo hili kwa macho: meno ya watoto huota yakiwa na rangi ya kahawia. Wengine mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja, na vyanzo vingi vya kwetu vinapita kiasi hicho. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi hata kidogo.

Maji ya mlima huwezi kuyabadilisha peke yako leo. Lakini magadi unaweza kuyaacha leo. Unga wa dengu huiva kwa dakika sita bila magadi. Na maharage, yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, uyachemshe asubuhi. Yataiva mapema bila magadi.

NANI ALE, NA ALE KIASI GANI

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chakula hiki wala kingine chochote. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha.

Mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja apewe vyakula laini vilivyopondwa, pamoja na maziwa ya mama. Mkate wa kukaanga unaweza kumkaba koo.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu apewe nusu slesi au slesi moja, iliyokatwa vipande vidogo. Akae chini anapokula, na mtu mzima awe karibu. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Mtoto wa shule apewe slesi mbili. Mama mjamzito na anayenyonyesha naye apate mbili, na tunda baada ya hapo: chungwa, papai au parachichi, ambayo kwetu hayakosekani.

Chai nayo tuizungumze. Majani ya chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mtoto mdogo asipewe chai ya rangi. Mpe maziwa, uji au maji safi. Wewe mtu mzima, kunywa chai yako saa moja baada ya kula. Kamulia ndimu au limau kidogo juu ya mkate wako, itausaidia mwili kupata chuma kilichomo katika dengu na mchicha.

Tena usipike chakula hiki kila siku ya Mungu. Siku nyingine iwe uji wa karanga, siku nyingine maziwa ya mgando na ndizi. Mwili unapenda mchanganyiko.

LINDA WATOTO NA MOTO

Kupika kwa mafuta moto mbele ya watoto wadogo kunahitaji akili. Katika zahanati yetu nimewahi kufunga majeraha ya mtoto aliyevuta mpini wa kikaango. Kilio kile sijakisahau.

Weka jiko mahali ambapo mtoto hapiti. Mpini wa kikaango uelekee upande wa ukuta. Na miezi ya Juni na Julai, baridi ya mlimani inapokaza, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mtoto akiungua, mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu, unga, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi, umlete zahanati upesi.

CHAKULA HIKI SI DAWA YA MTOTO ALIYEZIDIWA

Jambo hili nalisema kwa mkazo. Ukimwona mtoto miguu imevimba na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, au nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kahawia, au ngozi inabanduka, au amekonda mpaka mbavu zinahesabika, au amenuna hachezi wala hataki kula, usianze kumpikia mkate wa dengu ukisubiri apone. Huo ni utapiamlo mkali, unyafuzi au nyongea. Mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maziwa maalumu na chakula maalumu, kwa vipimo. Chakula kingi kwa ghafula kinaweza kumdhuru. Na usione haya. Hatukugombezi. Tunachotaka ni mtoto apone.

BIBI ALIRUDI

Yule bibi alirudi kliniki mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Mwezi wa tatu nilimvisha mjukuu wake utepe. Ulisoma kijani.

Sitakudanganya kwamba ni mkate wa dengu peke yake uliofanya kazi. Bibi alianza pia kutia karanga katika uji. Mama wa mtoto, alipopata habari, alianza kuleta kilo moja ya unga wa dengu kila mwisho wa mwezi badala ya biskuti na soda. Na yai moja kwa wiki, bibi aliniambia kwa siri, halifiki tena dukani.

Nami nilibadilika. Siku hizi akina mama wakiniuliza, "Daktari, wewe umekula nini leo?", ninalo jibu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Watoto wa nyumba yako wanakula nini asubuhi? Katika chakula hicho, kipi kinajenga mwili?
2. Ni mazao gani ya jamii ya kunde yanayolimwa kijijini kwenu? Mnakula kiasi gani, mnauza kiasi gani?
3. Nani katika nyumba huamua mayai yauzwe au yaliwe? Je, baba na mama wanaweza kukubaliana yai moja la kila wiki libaki kwa mtoto?
4. Je, mnatumia magadi? Mtafanya nini ili muyaache?
5. Jiko lenu limewekwa wapi? Mtoto anaweza kulifikia?

Kikundi kikiweza, kila mtu alete kitu kimoja, mmoja mkate, mwingine unga wa dengu, mwingine kitunguu, mpike pamoja siku ya kujadiliana. Somo lililoliwa halisahauliki upesi.